Gogo la Nne

Tata,

Leo, baba yangu, nimeingia chini ya gari lako. Mikono bado inanuka mafuta ya taa niliyonawia, na karatasi imejaa alama za vidole vyangu. Usicheke. Wewe ulikuwa unaingia mle chini unapiga mluzi, utadhani unaenda kulala. Mimi nilianza kwa kuomba, halafu nikasahau nilikuwa naomba nini.

Kwanza habari za nyumbani. Mama yupo. Presha yake inapanda na kushuka, na daktari wa mjini Tarime anataka kumwona kila mwezi. Bodaboda imemshinda. Mwezi uliopita dereva aliingia kwenye korongo pale chini ya kanisa, Mama akaangukia kiuno, na ameapa hapandi tena kitu cha magurudumu mawili. Kliniki ni Ijumaa inayokuja. Leseni uliyonilazimisha kuikata ninayo, na Korola yako iko pale pale chini ya banda. Lakini tairi la mbele kushoto lilikuwa linagonga, ko, ko, ko, kila likikuta jiwe, na usukani unavuta pembeni. Kwenye ule mteremko wetu, na Mama ndani, sikuthubutu.

Ulituachia kazi nusu. Bushi za kulia, zile raba zinazoushika mkono wa tairi usicheze, ulikuwa umeshaziweka mpya. Za kushoto nilizikuta juu ya rafu, kwenye mfuko wa yule muuzaji wa Sirari aliyekuita "mzee wa kazi" ukamwongezea mia tano kwa furaha.

Baba mdogo alitaka liuzwe. Alisema mbele ya watu wote kwamba gari lililomuua mwenyewe halikai kwenye boma. Mama akamjibu, "Lililomuua ni jiwe. Gari halijamkosea mtu." Hakuna aliyerudia tena.

Nilitafuta fundi. Wa kwanza alikuja na sanduku lake, akamwamkia Mama, akainama, akauliza mbona upande mmoja ni mpya na mwingine umechakaa. Mimi na ujinga wangu nikamweleza ukweli. Akakumbuka ghafla kwamba ana kazi Sirari. Wa pili habari zilimfikia kabla hajaja, na simu yangu hapokei mpaka leo. Basi nikajua kazi ni yangu mwenyewe.

Sasa nifike pale ninapopaogopa kuliko chini ya gari.

Ulikuwa na magogo manne ya mkaratusi ya kuegemeza gari, uliyoyakata kwa msumeno yakalingana, ukayanywesha oili chafu mchwa wasiyaguse. Hukuruhusu mtu hata ayakalie. Unaikumbuka jioni ile, wageni walipokuja kuzungumza ng'ombe wa mahari ya mdogo wangu Ghati? Watu wanane, na mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Kuni zote mbichi. Ugali wa wimbi hauivi kwa moshi, na mimi ndiye niliyekuwa jikoni. Wakwe walale njaa nyumbani kwako, kesho Nyarero nzima isimulie? Nilichukua shoka nikaenda bandani. Nikapasua gogo moja. Liliwaka vizuri mno, Tata, ila moshi ulinuka oili, na Ghati alipouliza nikamwambia ni kibatari.

Asubuhi uliamka mapema umalize gari kabla wageni hawajarudi kwao. Nilikuwa nasugua sufuria. Nilikusikia unazunguka banda, unatafuta. Nikasugua kwa nguvu zaidi. Nilijisemea, akiita tu, nitasema. Hukuita. Ulichukua lile jiwe aliloliacha rafiki yako Msukuma alipoondoka kwenye mashimo ya Nyangoto, lile lenye mstari mweupe katikati, aliloapa kwamba lina dhahabu ndani. Zito, gumu, mtu yeyote angeliamini. Ukaliweka chini ya tairi mahali pa gogo la nne, ukaingia chini. Likapasuka kwenye ule mstari.

Sauti ile siiandiki.

Kila mtu alililaani jiwe. Mimi nikakaa kwenye mkeka msibani napokea pole, na ndani yangu moshi wa oili haujaisha. Mwaka mzima na zaidi. Nimekuwa mwoga, Tata. Naogopa jiko letu. Naogopa Mama akiniangalia muda mrefu. Darasani watoto wa la tatu wakiangusha dawati nyuma yangu, chaki inanitoka mkononi.

Basi leo, Jumamosi, hakuna shule. Nilipiga jeki upande wa kushoto, nikapanga magogo mawili chini, la tatu nikalikingia tairi la nyuma. Nikalisukuma gari kwa bega kama ulivyokuwa unafanya, nione kama litayumba. Nikalisukuma tena. Nadhani nililisukuma mara kumi, na kila mara nilitumaini litayumba nipate sababu ya kuacha.

Nilitoa tairi, nikautoa mkono. Bushi za zamani zilikuwa zimepasuka kama kisigino cha kiangazi. Nilizisukuma kwa bolti ndefu na kile kipande chako cha bomba, nikaingiza mpya kwa maji ya sabuni. Grisi sikugusa, nilikumbuka ulivyokuwa unafoka, "Raba inataka sabuni! Grisi unaiozesha!" Hapo nilikuwa nimekaa nje, jua liko mgongoni, hata woga ulipungua kidogo.

Halafu ikabidi nirudishe mkono na kukaza bolti kule ndani. Niliingiza kichwa na bega moja, nikakaza haraka haraka kwa nguvu zangu zote, nikatoka natambaa kinyumenyume na mdomo umekauka. Nimemaliza! Nikanywa maji vikombe viwili. Cha tatu kiko mdomoni, ndipo nikakusikia:

"Bushi haikazwi gari likiwa hewani, Bhoke. Lishuke kwanza, libebe uzito wake, ndipo ukaze. Ukikaza linaning'inia, raba inashinda imejisokota, inachanika kabla mahindi hayajakomaa."

Nilikuwa nimekaza linaning'inia.

Ilibidi nilegeze zote, nirudishe tairi, nishushe gari, matairi yote mawili ya mbele yakae juu ya magogo, mawili kila tairi, halafu niingie chini mzima mzima nikaze. Mawili kila tairi. Nami nina matatu. Pembeni ya ua, Tata, lile jiwe lako lipo bado, nusu mbili, hakuna aliyetaka kujua kama lina dhahabu. Nililitazama. Naona aibu kukuambia nililitazama kwa muda gani.

Woga ukaanza kunibembeleza. Acha hivyo hivyo. Nani atajua? Zitavumilia miezi miwili, mitatu. Lakini zikichanika zitachanika mteremkoni, na Mama amekaa kiti cha mbele na kadi yake ya kliniki mapajani.

Nikamfuata. Alikuwa anapeta wimbi. Nilisimama mbele yake nikasema, "Mama, gogo nililichoma mimi. Siku ya wageni."

Hakuacha kupeta. Alisema, "Moshi ule nani hakuusikia? Tata yako aliniambia kitandani, Bhoke kaupika ule ugali kwa gogo langu. Nikasema nitakukanya. Akasema, mwache, wageni wameshiba." Ungo ukasimama. "Asubuhi nilimwambia angoje akate jingine. Akasema jiwe linatosha. Sikumshika mkono. Na mimi kosa langu ni hilo."

Kisha akanyanyuka na kiuno chake kibovu, akanipeleka nyuma ya ghala. Chini ya bati kulikuwa na gogo la mkaratusi, kavu, limekatwa sawa na yale mengine, jeusi kwa oili. Alimlipa mtu alikate wiki ya pili baada ya kukuzika. Mwaka wote amelificha akiogopa kwamba nikiliona nitaingia chini ya gari. Nililia, Tata. Nililia kwa sauti mpaka mbuzi wakaacha kula.

Alikuja na kigoda akakaa kando ya tairi. Nilipoingia chini, alinishika kisigino cha mguu wa kushoto, akawa anaongea Kikurya bila kupumzika, kuku hawatagi, Ghati kapiga simu, bei ya wimbi, ilimradi nisikie sauti ya mtu. Chuma kilikuwa karibu na pua yangu. Nililegeza. Nikakaza. Hakukiachia kisigino mpaka nimetoka mwili wote.

Tumeshuka mteremko wa kanisa na kupanda. Halikugonga hata mara moja. Ijumaa nitampeleka, polepole, na najua nitaogopa njia nzima.

Lakini na wewe ungeniita tu. Bhoke, gogo langu liko wapi? Maneno matano! Ningetoka na sufuria mkononi nikakuambia. Nimekukasirikia kwa hilo, na nimejikasirikia zaidi, kwa sababu hata mimi nilikuwa na mdomo.

Pumzika, Tata. Magogo yako manne yako bandani, na nimemwambia Ghati kwa simu kilichokuwa kikinuka siku ile. Nakuahidi jambo moja tu, maana mengine nitakudanganya. Siku nikilikosa gogo, nitaita. Na nikisikia mtu anatafuta, nitaitika kabla hajaniita.

Mwanao,
Bhoke