Chai Iliyoungua Kwenye Kilio Chako

Mwanangu Asajile,

Salamu nyingi, mwanangu, kama huko zinafika. Baba yako anakusalimu, miguu bado inamvimba. Mkeo Neema anakusalimu, anakohoa lakini anakula. Mwanao Subi anakusalimu, ameota meno ya mbele, anang'ata kila mtu. Mama Lugano jirani hakusalimu, nitakueleza. Shangazi yako Tusekile naye hakusalimu. Huyo labda mmekwisha kuonana, maana amekata roho leo asubuhi.

Mwanangu, tulikulilia vizuri mno. Kitongoji kizima kilihamia hapa uani, na ngoma, na ndizi. Hakuna aliyegusa chai shambani. Wewe ndiye uliyekuwa unatupangia zamu kule kiwandani, nani achume lini, basi wakaona kuchuma na wewe umelala ndani ni kukutukana. Nilifurahi. Nilisema, tazama mwanangu anavyopendwa.

Tulipoanua matanga chai imekwisha kua, kila mtu akachuma siku ile ile. Ulikuwa ukiniambia, "Mama, majani yananyaushwa, yanasagwa, yanachachushwa, yanakaushwa, na kila hatua ina tumbo lake. Ukililisha kupita kiasi linatapika." Sikukumbuka. Nani angekumbuka siku zile? Lori likabeba yote kwa mkupuo, vitanda vya kunyaushia vikajaa, magunia yetu yakabaki nje juani yamefungwa. Nilitia mkono ndani ya langu, moto kama uji. Majani mekundu. Wakayamwaga korongoni tukitazama.

Na bosi huyu mpya, aliyekinunua kiwanda kutoka serikalini, si kama wale wa zamani. Alisimama mlangoni akasema, "Nendeni mkaililie na chai yenu." Akatufuta kwenye safari za lori. Tangu hapo chai inazeeka shambani. Watoto wa Mama Lugano wamerudishwa kutoka shule, ada hakuna. Alinikuta bombani, mbele za watu: "Wewe Mama Asajile, ungemzika huyo mwanao kimya kama wenzio, leo tungekuwa tunakula." Nikajitwika ndoo. Nikaondoka na neno lake, mwanangu. Ni kweli.

Sasa sikia. Baba yako alikwenda kumwangukia bosi, na miguu ile. Amekubali: lori linakuja kesho, kutujaribu. Lisipokuta majani halirudi tena. Na shangazi yako, aliyekubeba mgongoni, amelala sebuleni. Watu wanaingia, wanaketi, wananitazama mimi nitafanya nini. Baba yako ameketi karibu na maiti. Ni dada yake.

Nimeamua, wataomboleza kwa zamu. Nyumba za juu wachume, nyumba za chini walie. Asiyetaka kuchuma aje aniambie mimi usoni. Nitatangulia na kikapu changu, nipite katikati ya wanaolia, waniite mchawi. Neema ameshaanza kuniangalia hivyo.

Lala, mwanangu. Nakuahidi Subi hatakosa uji. Na siku yangu mimi nimekwisha kuwaambia, wanifukie upesi warudi shambani, wasipige hata ngoma.

Lakini shangazi yako sikumwuliza. Wewe uko naye, mwulize. Kama ninamkosea nitokee ndotoni leo hii, usichelewe, kabla lori halijapiga honi.

Mimi mama yako