Mtoto wa Dada Yangu Alipata Sifuri, na Mtahini Nilikuwa Mimi

Mpendwa Bi Kadii,

Kuna sauti moja ndogo inayonifuata kila niendako, nayo ni ya mtoto akimeza mate. Si kilio wala kelele, ni mate tu yakishuka kooni, gup, na niliisikia vizuri kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimenyamazisha kila kitu kingine: nilifunga dirisha, nikamwomba mwalimu atoke, nikawafukuza mbuzi waliolala nyuma ya darasa, ili sayansi ifanyike kwa utulivu. Najua umezoea barua za wake wenza na waume wasiorudi nyumbani, na mimi nakuletea shida ya kipimo cha kusoma, lakini naomba unipokee, maana sijui pengine pa kuipeleka.

Nina miaka ishirini na sita, kwetu ni kijiji kimoja karibu na Wema, nimepanga chumba hapa Garsen, na ninamalizia shahada ya uzamili katika upimaji na tathmini ya elimu. Watu wakiniuliza nasomea nini huwajibu kwamba nasomea mitihani, nao hunipa pole wakidhani nilifeli na sasa narudia.

Utafiti wangu ulihusu jinsi watoto wa Tana ya chini wanavyosoma Kiswahili. Mtoto anapewa hadithi fupi, unawasha saa ya simu, anasoma kwa dakika moja, unahesabu maneno aliyoyasoma sawasawa, basi. Ni kipimo chepesi, na kwa wepesi wake nilikiheshimu kupita kiasi. Sharti lake ni kwamba kila mtoto asikie maneno yale yale kutoka kwako, bila tabasamu na bila kutikisa kichwa, kwa sababu aliyechekewa na asiyechekewa hawawezi kulinganishwa. Kwa hiyo nilijiandikia maneno ya kusema: "Habari ya asubuhi. Mimi ni mtafiti. Nitakapowasha saa, anza kusoma." Nikayakariri mbele ya kioo, Bi Kadii, na nakiri niliipenda sura yangu nikiyasema, nilijiona kama mizani ya shaba, kumbe nilifanana na askari wa kizuizi cha barabarani.

Mwenzangu katika kazi hii ni Fahima, tunasoma pamoja, yeye ni wa Kipini. Tuligawana, yeye akapima shule za kwao ambako Kiswahili ni lugha ya mama, mimi nikapima za huku kwetu mtoni ambako mtoto huanza na Kipokomo, na majirani zetu na Kigiriama au Kiorma, ndipo Kiswahili kifuate. Nilitarajia watoto wetu wawe nyuma kwa sababu hiyo. Jibu nilikuwa nalo kabla hata sijauliza swali, na nikaliita dhana ya utafiti.

Basi katika shule ya kijijini kwetu mlango ukafunguliwa akaingia Valary, mtoto wa dada yangu mkubwa Maurine, yuko gredi ya nne. Nilipaswa kumwacha apimwe na mtu mwingine, lakini nilijiambia kwamba mwanasayansi wa kweli hana ndugu. Akaniona, akacheka meno yote nje, akasema, "Mama mdogo!"

Nami nikamjibu, "Habari ya asubuhi. Mimi ni mtafiti."

"Nzuri," akasema, akasubiri.

Nikamaliza maneno yangu, nikawasha saa. Hakuitazama karatasi, alinitazama mimi, kisha akainamisha kichwa, na ndipo nikasikia yale mate. Dakika ikaisha. Nikaandika sifuri kwa mwandiko safi, na pembeni nikaandika "mbali na matarajio", yaani daraja la chini kabisa, nikajipongeza kwa kutopendelea jamaa. Watoto wengi waliomfuata walifanya vile vile, kichwa chini, kimya. Unajua nilihisi nini? Nilifurahi. Takwimu zilitoka nzuri ajabu, Kipini juu, sisi chini, kama nilivyotabiri, na jioni nilijinunulia soda.

Mwalimu mkuu, Mwalimu Dabaso, aliniita ofisini kwa chai. Akaniita Daktari. Mimi si daktari wa chochote, hata wa kuku, lakini sikumsahihisha. "Sasa Daktari," akasema, "hawa walionyamaza ni kina nani, tuwasaidie?" Nilikuwa nimewaahidi wazazi na chuo kwamba jina la mtoto halitatoka kinywani mwangu. Kwa kikombe cha pili na Daktari ya tatu nikawataja wote, nikaanza na Valary ili nisionekane namficha wangu.

Muhula ulipofunguliwa, wote niliowataja waliketishwa na gredi ya pili. Maurine akanipigia simu.

"We mtoto, umekula kwangu tangu mama alazwe hospitali mpaka ukaingia chuo, leo unamwita mwanangu mjinga?"

"Dada, si mimi, ni kipimo."

"Kipimo kina miguu? Kilikuja chenyewe?"

"Dada..."

"Mwanangu Jumapili anasoma Neno mbele ya kanisa zima, na wewe uko pale unaitikia amina! Ulikuwa unaitikia nini?"

Simu ikakatwa. Valary amekataa kwenda shule. Anasema magoti yake hayaingii chini ya yale madawati na watoto wa gredi ya pili wanamwita bibi. Kila asubuhi anafuatana na nyanya yake kwenye shamba la mpunga kuamia ndege. Nikaenda huko, nikapanda juu ya dungu, kile kichanja cha kulindia mpunga, nikaketi kando yake, yeye ana kombeo, mimi nina shahada moja na nusu.

"Vali, mbona siku ile hukusoma?"

"Si ulikuwa umenikasirikia."

"Nani kakwambia?"

"Hukuniuliza mama. Hukuuliza nyanya. Ulisema habari moja tu, ukawasha simu." Akarusha jiwe, ndege wakaruka. "Nikafikiria nimekosa nini. Nikakosa kujua."

Bi Kadii, kwetu mkubwa akikutana na mtoto humuuliza mama, nyanya, nyumbani, na kama ni msimu wa mafuriko humuuliza hata maji yamefika wapi. Mkubwa anayeikata salamu njiani ana hasira, na mtoto aliyekasirikiwa huinamisha kichwa akanyamaza mpaka aambiwe kosa lake, kwa sababu kufungua mdomo ni ufidhuli. Mimi nimelelewa hivyo hivyo. Nimefinywa sikio kwa kufungua mdomo. Nilikwenda nyumbani kwetu, nikapima adabu, nikaandika kuwa ni kutojua kusoma, na sikuhitaji mgeni yeyote wa kunipotosha.

Nilipomweleza Fahima alicheka mpaka akakaa chini. "Haki ya Mungu, wewe uliyasema yale maneno vile vile yalivyo? Mimi watoto wetu wangenizomea! Niliwauliza mama zao, bibi zao, hata paka wao. Wewe ulikwenda kupima watoto au kuwatoza ushuru?" Basi watoto wake walisalimiwa na wangu hawakusalimiwa, na sasa sijui kama nilipima Kiswahili cha Kipini au nilimpima Fahima.

Shida yangu ni hii. Msimamizi wangu chuoni ameshaikubali kazi na kuisifu, na mwezi ujao nitaisoma mjini Hola mbele ya maofisa wa elimu, ambao watazipangia shule zetu walimu na vitabu kwa kuitegemea. Nikisema ukweli nitapoteza mwaka, na nitajulikana kama msomi wa upimaji aliyeshindwa kusalimia. Nimefikiria nimpime tena Valary peke yake kimyakimya, nimwombe Mwalimu Dabaso amrudishe darasani kwake, na hayo mengine niyasahihishe nikishahitimu. Moyo unakataa, lakini pia moyo huu huu ndio ulioitikia Daktari. Naona naogopa kuonekana mjinga kuliko ninavyoogopa kuwa mjinga. Nifanyeje?

Majina yote humu nimeyabadilisha. Angalau hilo nimejifunza.

Mtafiti, Garsen


JIBU LA BI KADII

Mwanangu mtafiti,

Nimekucheka, nisamehe. Nilipofika kwenye paka wa Kipini ilibidi nivue miwani. Halafu nikaisoma barua yako tena na kicheko kikaisha, maana nimegundua kwamba unajisuta kwa ufundi mno. Mtu anayejitukana vizuri hivyo huwa anangoja wenzake wamwambie, basi mama, yatosha, umejiadhibu. Mimi sikwambii. Mtoto yuko juu ya dungu anarusha mawe wakati wenzake wako darasani, na utani wako wote haujamteremsha.

Pole nakupa, na ninakupa kwa dhati. Kosa la salamu ni kosa la kazi. Fundi hukata nguo ikawa fupi, mpishi huunguza pilau, na wewe ulipewa sheria ya kutotabasamu ukaibeba kama msalaba. Ulitaka haki kwa kila mtoto, ukadhani haki ni kuwanunia wote sawasawa. Hilo linasahihishwa.

Lakini umelipitia haraka kosa la pili, ukalifunika kwa mzaha wa daktari wa kuku. Uliwaahidi wazazi hutataja majina, ukayataja kwa vikombe viwili vya chai. Hilo si la kipimo, mwanangu, ni la kwako. Hata kama kipimo kingekuwa sahihi kama saa ya msikiti, bado hukuwa na ruhusa. Na usimtwishe mwalimu mkuu mzigo wote. Alikuuliza kwa nia ya kusaidia, akatumia ulichompa.

Sasa hilo wazo la kumpima Valary peke yake kimyakimya, litupe mtoni. Hao wengine uliowataja hawana mama mdogo mwenye shahada. Nani atawapandia dungu wao? Ulipoandika sifuri ulijisifu kwamba hupendelei jamaa. Haya, usipendelee sasa, wakati kupendelea kuna faida.

Na usiniambie utasahihisha ukishahitimu. Maofisa wakishapanga walimu na vitabu kwa takwimu zako, karatasi itakuwa imeshakuwa shule, na shule haifutwi kwa kifutio. Mficha uchi hazai. Nenda kwa Mwalimu Dabaso kwanza, kwa miguu yako, si kwa ujumbe wa simu. Mwambie matokeo hayafai kumhamisha mtoto yeyote, na mwombe awarudishe wote siku moja ili asionekane mmoja kabebwa. Kisha waombe radhi wazazi kuhusu majina, na uombe kwa maneno machache, bila vichekesho; vichekesho huwalazimisha watu wakusamehe kabla hawajawa tayari. Ndipo umwandikie msimamizi wako, kabla ya Hola, si baada yake. Mwambie ulichosema wewe na alichosema Fahima kwa watoto havikuwa kitu kimoja, kwa hiyo shule za pande mbili haziwezi kulinganishwa. Akikasirika, mwache akasirike.

Mkipima tena, kubalianeni salamu mtakayoitoa nyote wawili, nzima, na mbadilishane shule, yeye aje kwenu, wewe uende kwao. Valary apimwe na Fahima. Na kama utaona humo mna utafiti mzuri zaidi kuliko ule wa kwanza, sawa, lakini usiharakishe kuiona bahati yako ndani ya hasara ya watoto wa watu.

Kuonekana mjinga hakuui. Nimeonekana mjinga gazetini hapa mara nyingi na bado nala nashiba. Funga safari.


BAADA YA JIBU

Bi Kadii,

Nilikwenda. Mwalimu Dabaso aliwaita wazazi, nikasimama mbele yao nikasema kwamba nilipima vibaya na kwamba nilitaja majina niliyoahidi kutoyataja. Nilijizuia nisichekeshe, na ilikuwa ngumu kuliko mtihani wowote nilioufanya. Mzee Thoya, ambaye mjukuu wake alikuwa kati ya walioshushwa, akauliza, "Kwa hivyo huyu wangu anajua kusoma au hajui?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Basi ungesema hivyo tangu mwanzo," akaketi.

Watoto wote wamerudi gredi ya nne, Valary akiwemo. Mwalimu Dabaso haniiti tena Daktari, ananiita "wewe". Dada Maurine bado hajanisamehe, ila juzi aliniambia nikatafute kuni, na mtu usiyemtaka humtumi kuni.

Msimamizi wangu aliniuliza kwenye simu, "Una hakika?" Nikamwambia nina hakika kwamba sina hakika. Hakucheka. Alisema Hola atawaarifu yeye, na kwamba mwaka huu niusahau.

Jana nimeiondoa rasmi kazi yangu chuoni, na jina langu limetolewa kwenye mahafali. Mama alikuwa ameshashona nguo ya siku hiyo. Nimemwambia aivae kanisani.