Mke Wangu Nimemshonea Kila Ukurasa, Wanacheka Nini?

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ingawa nautaka kidogo tu, maana kwa sehemu kubwa mimi ndiye mwenye haki. Nina miaka themanini na moja. Nimezika cherehani tatu, redio mbili, wenye nyumba wanne, na daktari wa meno aliyeniambia nisipoacha kukata uzi kwa meno nitakufa kibogoyo, yeye ndiye aliyekufa, meno yangu ninayo, na uzi bado nakata. Shule niliishia pale walipoanza kugawanya, mkono wangu umezoea chaki ya fundi kuliko kalamu, lakini suti nilizoshona zimevaliwa na watu waliosoma mpaka wakavaa miwani, kwa hiyo mwandiko usiudharau.

Mke wangu, ambaye namwita Mama kama watoto wanavyomwita, alikwenda kwa binti yetu mkubwa aliyejifungua mapacha, akasema anakwenda wiki chache tu, wiki zikazaa miezi, na binti nikimpigia simu ananiambia, "Baba, Mama amezoea huku, kuna lifti, kuna maji ya moto bombani," kana kwamba mimi hapa maji nayachemsha kwa pumzi. Sasa siku ile anaondoka, begi liko mlangoni, alinyoosha mkono juu ya kabati kwenye boksi la viatu akasema, "Baba watoto, picha zetu zote zinaliwa na mende humo. Siku nitakayorudi nikikuta umezitengenezea albamu, nitakaa. Nikikuta boksi, mimi na begi langu tunageuza." Mimi nilicheka. Yeye hakucheka.

Basi mke wa mwanangu, ambaye ana duka la kuchapisha kadi na kutengeneza albamu, akaniletea albamu tupu yenye kurasa nene za kahawia, akakaa hapa kwenye stuli ya wateja akanifundisha kazi, mimi niliyefundisha mafundi mji mzima. "Baba," anasema, "ukurasa mmoja jambo moja. Chagua picha moja iwe kubwa, hiyo ndiyo mwenye nyumba, ndogo mbili ziwe wageni wake, andika maneno machache chini, halafu pembeni acha nafasi, jicho lipumue." Jicho lipumue! Miaka yangu themanini na moja sijaona jicho linalopumua, pumzi ni kazi ya pua. Nikamwambia mkamwana, asante, nenda kapike, mimi najua.

Na kweli najua, mshauri. Fundi haachi kitambaa kikae bure. Ukitaka kukata shati unapanga mikono ndani ya uwazi wa kola, mfuko unauingiza kwapani, kimoja kichwa juu kimoja kichwa chini, mpaka kitambaa chote kiliwe. Ndivyo nilivyopanga picha. Mahafali ya mwanangu nimeyalaza ubavu, harusi ya binti nimeipindua miguu juu ikaingia vizuri chini ya siku ya kuhamia nyumba mpya, ukurasa mmoja ukameza picha kumi na saba na nafasi iliyobaki hata kifungo hakilali. Gundi sikuitaka, gundi ni ya wavivu, nimezishona zote kwa cherehani, uzi mwekundu, mshono wa kwenda na kurudi, hata uivute kwa trekta haitoki.

Ili zienee ilibidi nizipunguze pembeni, na hapo nikapata faida mara mbili, kwa sababu Mama hajui kupiga picha. Kamera aliachiwa na dada yake, na tangu siku hiyo ikakaa shingoni pake kama futi ilivyokaa shingoni pangu, iwe harusi, iwe mahafali, iwe siku cherehani ya pili ilipoingia dukani, yeye ndiye mpigaji, na kila picha pembeni pana doa la kahawia kama ncha ya kiazi. Kidole gumba chake hicho! Miaka yote nampigia kelele, "Kidole! Mama, kidole!" na watu wote wanaangua kicheko, na hapo hapo ndipo anabonyeza, ndiyo maana kwenye picha zetu watu wote midomo wazi kama wanang'olewa magego, ya heshima hakuna hata moja. Basi vidole vyote nimevikata kwa mkasi, safi kabisa, nikavitia kwenye mfuko wa vitambaa, maana fundi hatupi kipande.

Nikamwita mkamwana aje aone kazi. Akafunua, akageuza albamu kushoto, akageuza kulia, akapindua, mwisho akaiweka mezani akaanza yeye kuizunguka. Halafu akauliza, "Baba, Mama yuko wapi?"

"Yuko kwa binti yake, umesahau?"

"Nasema humu ndani."

Nikamwonyesha picha ya ndoa yetu, huyu hapa, na gauni nililomshonea mwenyewe. "Na kwingine?" Tukatafuta, mshauri. Tukatafuta kama sindano iliyoanguka. Mkamwana akasema, "Baba, hii albamu nzima ni wewe. Wewe na suti. Wewe na cherehani. Wewe na cherehani nyingine. Mama akifungua akajitafuta asijione, lile begi halishuki begani."

Mwanamume mwingine angelia, mimi nilifikiri. Nikachukua picha yake ya kitambulisho, nikaipeleka kwa mpiga picha wa mtaa wa pili, akanitolea nakala kibao, nikakata vichwa kimoja kimoja kwa mkasi mdogo wa matundu ya vifungo, nikamshonea Mama kila ukurasa. Kwa kuwa nafasi hakuna, palipo na mtu asiye na umuhimu nikamfunika. Amekaa juu ya mabega ya msimamizi wa harusi. Amekaa kwenye shingo ya golikipa wa ile timu niliyoishonea jezi. Mahali pamoja nimemfunika mjomba wake mwenye ndevu, ambaye hata hivyo alikuwa mtu wa maneno mengi, na ndevu zimebaki chini kidogo, lakini ukitazama kwa mbali ni kama skafu.

Akaja Msumari, fundi viatu wa mlango wa pili, tunamwita hivyo kwa sababu misumari anaiweka mdomoni hata akisalimia. Akatazama ukurasa wa kwanza, akatema misumari yote mkononi, akasema, "Fundi, shemeji yangu anamtafuta nani? Kila sherehe watu wanacheka, yeye kakunja uso, kaja kukamata mtu!" Mkamwana akacheka mpaka akakaa sakafuni juu ya vipande vya vitambaa. Alipopata pumzi akajifuta macho akasema, "Baba, nakuheshimu kama baba yangu mzazi. Fumua yote."

Mimi! Kufumua! Mshauri, sijawahi kufumua mshono wangu, muulize yeyote, mteja akinenepa nilimwambia akapungue.

Sasa swali langu. Nataka useme hapo gazetini, kwa herufi kubwa, kwamba kazi hii ni nzuri na hawa wawili wana wivu. Na kama huwezi kusema hivyo basi niambie nifanye nini, lakini upesi, maana binti anasema Mama anakuja mwisho wa mwezi huu, nao unakuja mbio, na nyumba hii bila Mama hata cherehani inalia vibaya, nimeitia mafuta nimechoka.

Anayeona ninatunga amuulize Msumari, aliyeizungusha albamu kama usukani wa lori mpaka shingo ikamkaza. Amuulize mke wa mwanangu, ambaye machozi yake ya kicheko yaliangukia ukurasa wa nne na alama ipo mpaka leo. Amuulize na yule golikipa, yuko hai, anakaa nyuma ya soko, ingawa albamuni kwa sasa hana kichwa.

Ni mimi,
Fundi wa Suti

MSHAURI ANAJIBU

Mzee wangu Fundi, shikamoo. Barua yako nimeirusha mbele ya foleni kwa sababu ya hilo begi. Niliposoma mara ya kwanza nilicheka mpaka mhariri akaja kuchungulia mlangoni. Nikamsomea, tukacheka wote. Halafu nikaisoma tena peke yangu, nilipofika kwenye mfuko wa vitambaa nikaurudia mstari ule mara mbili.

Herufi kubwa hupati. Hongera kwa meno, lakini kichwa chako ni kigumu kuyashinda. Mkamwana wako hana wivu, ana macho, na hilo la "nenda kapike" utamwomba radhi leo kabla hujashika mkasi. Golikipa wa watu mrudishie kichwa chake. Mjomba mrudishie uso wake, ndevu zisizo na mwenyewe zinatisha watoto.

Sasa nisikilize, Mzee. Umezunguka mji mzima kumtafuta mkeo, ukaenda kumtoa kwenye picha ya kitambulisho, aliyopigwa uso umekunjwa siku aliyopangishwa foleni tangu asubuhi. Na muda wote alikuwamo. Alikuwa kwenye kila picha, pembeni, kidole kizima. Wewe na mkasi wako ndio mliomtoa! Wahenga wanasema chanda chema huvikwa pete, wewe cha mkeo umekitia kwenye mfuko pamoja na mabaki ya suruali. Na hiyo midomo wazi unayoilalamikia, hebu nieleze, hao watu walikuwa wanamcheka nani? Kuna familia zina picha sabini, wote wamesimama kama nguzo, hakuna anayekumbuka siku ile ilikuwaje. Wewe unayo nyumba nzima inayocheka, halafu unaona aibu!

Kwa hiyo fumua. Ndiyo, wewe mwenyewe, na uache kuhema. Mteja alipokuwa akinenepa uliweza kumfukuza, huyu mteja ukimfukuza ana pa kwenda, na pana lifti. Fumua polepole, uzi mmoja mmoja, usitoboe nyuso za watu. Kisha umwage huo mfuko mezani, umtafutie kila picha kidole chake. Utavitambua, fundi gani asiyejua kipande kimekatwa wapi? Kirudishe mahali pake na ukishone kwa huo huo uzi wako mwekundu. Mshono uonekane. Usiufiche. Mama akiuliza ni nini, mwambie ukweli, na ukubali kuchekwa, zamu yako imefika.

Mpangilio ufuate wa mkamwana, neno kwa neno. Kila ukurasa na jambo lake. Mahafali wima, harusi miguu chini. Chagua picha moja uipendayo iwe kubwa, na safari hii uipendayo isiwe lazima yenye wewe. Mbili ndogo kando. Nyingine zitiwe kwenye bahasha nyuma ya albamu, hakuna aliyesema zote lazima ziingie, hata wewe hukuwahi kumvika bwana harusi suti tatu kwa pamoja. Maneno ya chini yawe machache, na yawe yako: "Siku cherehani ya pili ilipoingia. Mama anapiga. Kidole!" Mkono ukichoka mkamwana ataandika, wewe utasema. Na ile nafasi tupu uliyoikebehi, iache. Hapo ndipo Mama atakapoweka kidole chake akikwambia, "Baba watoto, unaikumbuka hii?" Ukijaza picha kila mahali atakiweka wapi?

Vile vichwa vya kitambulisho vitie kwenye bahasha na Msumari aape hatasema. Mimi sitasema. Ila gazeti hili husomwa hata na wenye maji ya moto bombani, kwa hiyo usitegemee siri hiyo sana.

Jambo moja hukuniuliza, lakini kwa kuwa umeniita mshauri nitasema. Kila simu uliyonitajia umempigia binti. Mpigie mkeo. Mwambie lile neno la cherehani inayolia vibaya, uliloniambia mimi nisiyekujua. Mwambie kabla ya albamu, bila utani na bila kujisifu, ukiweza dakika mbili zinatosha. Albamu ni ya kumfurahisha akishafika. Kurudi, atarudi kwa hilo neno.

Na siku hiyo watakapokusanyika wote kumpokea, mwache aweke begi chini, kisha umvue kamera shingoni uivae wewe. Msimamishe katikati, mapacha mikononi, mkamwana huku, Msumari kule na atoe misumari mdomoni. Rudi nyuma hatua chache, bonyeza. Hiyo ndiyo picha kubwa ya ukurasa wa mwisho, na pembeni yake acha nafasi.

Watakapokupigia kelele, "Kidole! Baba, kidole!" usikitoe. Na picha ikishasafishwa, mkasi uuache kwenye droo.