Pepeta ya Gerezani

Julai 11

Dada Stefania mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo hapo Mbingu, na kwamba mbu wamewaachia damu kidogo. Mimi mzima, ila nimenenepa, sare ya magereza inanibana.

Barua hii amekuletea Mzee Fridolin, mfungwa wetu aliyemaliza kifungo leo. Kwao Mchombe, na hapo kwako ni njiani. Mpe chai kwanza ndipo uendelee kusoma.

Najua mlisikia kwamba wafungwa wetu waliasi. Dada, uasi wenyewe ulikuwa wa pepeta! Siku ya kwanza ya kuvuna waliomba watwange mpunga mbichi kidogo, waonje pepeta kama tunavyofanya nyumbani, ndipo waingie kazini. Mkuu wetu mpya, mtu wa mbali, akasema mpunga wa serikali hauonjwi. Basi wakarundika miundu yao pembeni, wakaketi kwenye majaruba, wakaimba nyimbo za kanisani. Mwanzishaji alikuwa Mzee Fridolin, kwa sauti yake ya mbuzi.

Polisi wa kutuliza ghasia wakaja kutoka mjini. Wakafyatua mabomu ya machozi, upepo ukageuka, tukalia sisi! Mkuu akatumbukia mferejini na buti zake. Wafungwa wakacheka, naye akaamuru virungu.

Baadaye ikaandikwa kwenye taarifa ya gereza kwamba Mzee Fridolin alimvamia askari kwa mundu, akavunjika mkono wakati wa kudhibitiwa. Alikuwa amebakiza wiki sita tu, na sasa angeongezewa miaka.

Dada, askari huyo ni mimi, wala hakunivamia. Alikuwa ameketi, mikono juu. Mtu wa namna hiyo hapigwi. Tulifundishwa chuoni, na mtihani nilifaulu. Nilimpiga kwa hasira, kwa sababu alinicheka na mimi. Naona aibu sana. Nilikaa na uongo ule siku tisa, halafu wakaja wachunguzi wa haki za binadamu, nikaeleza yote na kutia sahihi. Kesi yake ikafutwa. Yangu itasikilizwa Jumatatu, na huenda nikavuliwa sare.

Nilimsomea Mzee barua hii kabla ya kuifunga. Akacheka pale pa mferejini. Akasema hajanisamehe bado, ila barua ataifikisha.

Nisalimie shemeji na watoto wote, na Mama mwambie ukweli huu huu. Mshikie Mzee kikombe, mkono haujapata nguvu.

Ni mimi mdogo wako,
Beatus