Misiba ya Watu Nisiowajua

Mjukuu wangu Kabula,

Mwangaluka. Kwa niaba ya ukoo mzima natangaza rasmi kwamba jogoo wetu amehamia kwa jirani na hana mpango wa kurudi. Bibi yako mzima.

Umeuliza nilipunguaje mpaka suruali zinanidondoka. Watu nimewaambia ni jembe. Nimewadanganya. Baada ya kile kiharusi kilichonipata, bibi yako alinipimia ugali kama mtoto, nami nikaanza kuhudhuria kila msiba wa Bariadi, nile wali na nyama.

Siku moja mjane akanishika mkono. "Asante kwa kuja, baba. Mlijuana wapi na mume wangu?"

Nyama ilikuwa mdomoni. Nililia kwa aibu. Akadhani ni uchungu, akanibembeleza, yeye mfiwa. Tangu siku ile nakula cha nyumbani tu.

Babu yako