Muhuri wa Bibi

Dada wee, usinipigie, nitalia. Soma tu.

Si nilienda kliniki ya ngozi ya huku ughaibuni kwa ajili ya ukurutu wa mkono? Daktari mkono hata hakuutazama! Nilipoinama kuvua koti, blauzi ikapanda, akaliona lile doa letu jeusi la mgongoni. Ndiyo, lilelile tunalojivunia, tunaloliita muhuri wa bibi.

Akamwita mwenzake. Wanaongea lugha yao, mimi nimekaa kama gunia, siambulii hata neno.

HAWAKUTABASAMU HATA KIDOGO.

Kanidunga ganzi, kakata kipande cha doa, kakitia kwenye kichupa.

Halafu akachora vijitu kwenye karatasi, kama mti wa ukoo. Kimoja akakitia nukta mgongoni, akaninyooshea kidole, akanipa kalamu. Hapo sikuhitaji mkalimani: nani mwingine kwenu ana hili doa?

Nikamtia nukta bibi. Unakumbuka kidonda chake cha mgongoni, tukasema karogwa?

Nikachora kijitu kingine, kando yangu kabisa, nikakitia nukta.

Daktari akakigonga kile kijitu kwa kidole. Akanitazama. Akakigonga tena.

Ni wewe, mtoto wa mama mdogo.

Kesho asubuhi nenda hospitali. Wewe huko nyumbani huna hata kisingizio cha lugha.