Dungu la Kwenye Santuri

Jumatatu, 10 Mei 1993

Mzungu kashuka hapa Maparoni na boti ya kukodi. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mshamu, kanitoa darasani nikifundisha, nikatafsiri — watoto wa darasa la tano si kitu! Mgeni anaitwa Robin. Kabeba jalada la santuri ya bendi ya roki ya kwao, kalifunga nailoni. Anataka kusimama pale palipopigwa picha ya jalada hilo.

Nikatazama. Mpunga, dungu, ngazi. Ngazini msichana. Zabibu! Dada yangu Zabibu, aliyechukuliwa na mamba mwaka sabini na sita. Sisi hatuna picha yake hata moja. Wao wanaye siku zote hizo, wanampigia magitaa!

Nikamrudishia jalada lake.

Jumanne, 11 Mei

Eti anataka dungu lile lile. Nikamweleza: dungu ni la msimu. Tunapanda juu tunaamia ndege, usiku tunafukuza nguruwe. Tukishavuna, linakuwa kuni. Hakunielewa. Mzee Mshamu, kwa kuogopa mgeni asiondoke na kinyongo, kaamuru vijana wajenge jingine shambani kwetu. Wamejenga zuri, makuti mabichi. Mgeni kanuna — jipya mno! Basi wamelipaka tope lizeeke. Watu wazima na akili zao. Aibu niliiona mimi.

Jumatano, 12 Mei

Siku ya picha. Akataka msichana wa kukaa ngazini. Kapitisha macho kwa watoto wote, kamchagua nani? Mwanangu Salima. Anasema kafanana mno na yule wa jaladani. Atakosaje, na yule ni mama yake mkubwa! Nikamwambia hapo hapo, na kwamba alikufa. Akasema ni ajabu kweli, akapiga nyingine. Hata jina hakuuliza.

Nikameza hasira nikamwomba lile jalada nimpe mama. Anasema haiwezekani, ni toleo la kwanza, halipatikani tena. Atatuma nakala kwa posta. Posta gani, Maparoni hii? Mshenzi.

Alhamisi, 13 Mei

Mgeni kaniazima jalada mama alione kabla boti haijaondoka. Nimeahidi kwa mdomo wangu kulirudisha.

Mama hakulia. Kapitisha kidole kwenye goti la Zabibu, kasema hapo ndipo alipojikata na jembe. Mimi nilishasahau. Kisha kaliingiza chini ya mkeka, kalikalia.

Maji yanakupwa, boti itakwama matopeni. Mzee Mshamu yuko mlangoni, anabisha hodi kwa ukali, anasema tunakiaibisha kijiji. Mgeni nyuma yake anafoka Kiingereza, anauliza ninatafsiri au sitafsiri.

Nimemtafsiria mama yote, neno kwa neno. Kavuta kanga yake, kakaa vizuri zaidi.

"Mwambie aingie aninyanyue."

"Mwalimu!" Mzee Mshamu huyo. "Mama yako anasemaje?"